Ridhaa ya Baba

Ijumaa, 12 Septemba. Ibra.

Nimemnyoa Baba. Kidevu kinatetemeka siku hizi, nakishika kwa vidole viwili kama yai. Kanzu nyeupe, kofia aliyoishona mama, bakora mkononi. Mwanaidi, mfanyakazi wetu, keshachemsha kahawa. Baada ya sala ya Ijumaa wanaume wakatoka msikitini na kuingia sabla, chumba chetu cha wageni, kama kila Ijumaa tangu nilipopata akili.

Wanakuja kusikiliza neno lake. Ujana wake alikuwa karani wa mahakama Unguja. Alipohamia huku Omani akawa karani mkuu wa liwali miaka thelathini, na ugomvi mwingi wa mji huu umemalizikia mbele yake bila karatasi. Leo alisema neno moja tu tangu kikombe cha kwanza hadi cha mwisho. Wameona ni busara. Hakumjua hata mmoja wao. Jirani mmoja alilalamika kwamba zamu yake ya maji ya falaji, mfereji wa mji, imepunguzwa. Baba alimtazama kitambo, akasema, "Hewala." Yule bwana akaondoka ameridhika kabisa. Mimi nyuma ya mlango nilicheka, kisha nikaona aibu.

Halafu Suleiman akanifuata jikoni. Kaka yangu, kanizidi miaka mitano. Wiki nzima yuko Maskati, Ijumaa huja hapa kutazama nini kimeharibika.

"Khalas, Zuwena. Mzee hana akili tena. Naenda mahakamani, waniweke mimi nimsimamie."

Alisema huku anachagua tende kwenye sahani. Nikaiondoa ile sahani. Nina miaka arobaini na tisa, nafundisha sheria, gari langu naendesha mwenyewe. Lakini nikitaka kuolewa lazima walii wangu asimame aseme neno. Walii wangu ni Baba. Baba akitolewa, ni Suleiman. Na Suleiman ameshasema juu ya Nasser, anayetaka kunioa: hatuozeshi kwa maseremala wa Sur.

Nina hasira mpaka mkono unauma.

Jumatatu, 15 Septemba. Nizwa.

Chuoni. Mwaka wa pili, historia ya sheria. Mada: mamlaka ya baba kwa Warumi. Niliwaambia kwamba mwana wa Kirumi angeweza kuwa na mvi, kuongoza jeshi, kuhukumu watu barazani, na akirudi nyumbani hana chake. Nguo aliyovaa ni ya babake. Watoto aliowazaa wako chini ya babake. Hivyo hivyo mpaka mzee afe. Darasa likacheka. Msichana wa mbele akasema ni kama kwao. Nikacheka nao, na sikupaswa.

Kisha yale maneno yao mawili. Potestas, uwezo wa kuamrisha ambao sheria imekupa. Auctoritas, uzito wa mtu, anayesema tu na jambo likatimia. Nilikuwa naeleza huku namwona Baba na yule bwana wa falaji. Uwezo umemtoka, hawezi kumwamrisha hata kijiko. Uzito bado anao. Ndio uliomrudisha yule bwana nyumbani kwake ameridhika.

Chai na Nasser chumba cha walimu, mlango wazi, kila apitaye atuone. Anafundisha hesabu, lakini ukoo wake Sur ni wa maseremala. Kafiwa na mke, hana makuu, kanzu zake hazina pasi ya kuridhisha. Miaka mitatu sasa tunakunywa chai hii. Ramadhani ya mwaka jana nilimweleza Baba, naye akili zake timamu. Aliuliza jina la babu yake Nasser, akafikiri, akasema mwambie aje. Tukachelewa. Mama yake Nasser akaugua, akafa, yakaja matanga. Tulipomaliza, Baba alikuwa anaweka viatu kwenye friji.

Tungekwenda wiki ile ile. Kosa langu.

Alhamisi, 18 Septemba. Bidbid.

Kituo cha mafuta, njia panda ya Ibra. Chai ya maziwa. Naandika juu ya usukani kwa sababu nikifika nyumbani sitapata nafasi.

Suleiman ameshapeleka ombi. Siku ya kusikilizwa ni tarehe saba Oktoba. Ameniandikia kwa Kiarabu cha ofisi, kama mtu asiyenijua.

Nimepiga hesabu njia nzima. Kadhi atataka kumsikia Baba. Nikishinda hapo, watu wa Nasser watakuja kuposa, na mwozeshaji naye atataka kumsikia. Mara mbili tu. Hahitaji kutoa hotuba. Neno moja litanitosha. Na si uongo. Alikwisha kuridhia mwenyewe mwaka jana. Mimi nitamkumbusha tu.

Ijumaa, 19 Septemba. Ibra.

Nimeanza. Baada ya wageni kuondoka. Nilikaa naye mkekani, nikamshika kifundo cha mkono, nikasema, "Baba, sema: nimeridhia." Alinitazama kama nimemletea samaki mbichi. Tena. Tena. Mara ya kumi hivi akasema. Sauti ile ile, nzito, ya karani.

Nikamkatia kipande cha halua. Daktari kakataza. Kipande kidogo.

Kiarabu kimemtoka chote. Kimebaki Kiswahili cha Malindi ya Unguja, cha utotoni mwake. Ndiyo maana Suleiman anasema mzee hasemi. Suleiman husema naye Kiarabu.

Jumamosi, 20 Septemba.

Nimemfundisha Mwanaidi, aendelee siku ambazo sipo. Mwanaidi ni mtu wa Tanga, yuko nasi mwaka wa nne, ndiye amlishaye na kumwogesha. Nilimwambia: mshike hapa, mwulize jambo lolote, akijibu nimeridhia mpe halua. Aliuliza ni dawa? Nikasema ni mazoezi ya ulimi. Akafurahi.

Jumamosi, 27 Septemba.

Leo nilimwuliza swali lenyewe. "Unaridhia Zuwena aolewe na Nasser?" Alisema, "Nimeridhia." Mara tatu sawasawa. Ya nne akasema, "Zuwena yuko skuli." Nikamwambia mimi ndiye Zuwena. Akasema hapana, Zuwena mdogo. Nikaanza upya. Akachoka, akawa anautazama mlango. Nikambana mkono. Nikapaza sauti. Nilimpigia kelele, "Sema!"

Akajikojolea.

Nilimwosha. Alikuwa anatetemeka na anaomba radhi, "Samahani bibi, samahani," kwa bibi ambaye sijui ni nani. Pale kwenye kifundo pana alama za vidole vyangu vinne. Mtu huyu hajanipiga hata siku moja tangu nizaliwe.

Nimejichukia. Kesho narudi Nizwa na Mwanaidi ataendelea.

Jumanne, 7 Oktoba. Ibra.

Mahakamani. Nimechukua ruhusa chuoni.

Kadhi kijana, mpole, wa umri wa wanafunzi wangu wa zamani. Alimwuliza Baba kwa Kiarabu jina lake. Kimya. Ana watoto wangapi. Kimya. Suleiman akatazama chini, kwa adabu. Ndipo nikainuka, nikasema huyu mzee aulizwe kwa lugha yake. Kadhi akakubali. Akaitwa mzee mmoja wa Ibra, mkalimani wa mahakama, naye mzaliwa wa Unguja. Akamwamkia Baba, "Shikamoo, sheikh." Baba akainua kichwa, akasema, "Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Kutoka hapo ilikuwa kama kufungua bomba. Jina lake, la babake, la babu yake. Mtaa wao. Jina la mama. Watoto wawili, Suleiman na Zuwena. Leo siku gani hakujua, lakini mkalimani alicheka akasema hata yeye hajui. Sikumfundisha hayo. Yalikuwa yake mwenyewe. Nililia, sikujali.

Swali la mwisho: anaridhia kuendelea kushika mambo yake mwenyewe? Baba akaanza kuutazama mlango. Mwanaidi alikaa kando yake kama mwuguzi. Nikamwona anasogeza mkono, anamshika pale.

"Nimeridhia."

Ombi limekataliwa. Kabla ya hapo nilitia saini maelezo yangu: kwamba namwona Baba kila wiki, kwamba ana akili timamu, anaelewa anachoulizwa na anajua anachosema. Kadhi alinisomea neno kwa neno, akaniuliza nina hakika? Nikasema nina hakika. Saini yangu mimi, mwalimu wa sheria.

Nje, Suleiman aliufungua mlango wa gari, akamwinua Baba kwa mikono miwili, akamfunga mkanda. Kisha akaniambia, "Umemsikia kadhi. Mzee ana akili timamu." Hakuonekana kukasirika. Nilidhani amekubali kushindwa.

Jumatatu, 13 Oktoba. Nizwa.

Somo: usimamizi wa wanawake. Mwanamke wa Kirumi, mtu mzima, babake amekufa, na bado ana msimamizi wa kiume. Akitaka kufanya jambo zito, msimamizi lazima atie neno lake. Na lazima awepo mwenyewe, papo hapo, kwa kinywa chake. Baadaye desturi ikachakaa. Msimamizi akikataa, hakimu anamlazimisha. Neno likabaki, mwenye neno hana lake. Mwanamke aliyezaa watoto watatu akaachwa huru. Wasichana walipenda hapo. Mimi sina hata mmoja.

Kisha yule msichana wa mbele akauliza. Baba akiingiwa na wazimu, mamlaka yake yanaondoka? Nikasema hapana. Anabaki baba kamili, ila jamaa wa kiume wa karibu ndiye anayemsimamia. Akauliza, basi binti yake ataolewaje, na babake hawezi kuridhia?

Nilijua jibu. Nimelifundisha miaka kumi na nne. Kwa binti wa mwendawazimu, wanasheria wao waliona anaweza kuolewa bila kusubiri neno la mtu asiyekuwa na neno. Nilijibu vizuri. Kisha nikakaa kitini, jambo ambalo sifanyi darasani.

Huko Rumi ningesema kweli, ningeolewa. Hapa nimesema uongo na bado nasubiri.

Jumatano, 22 Oktoba.

Nasser kaleta habari. Kaka zake wawili watatoka Sur Ijumaa ya tarehe thelathini na moja, na yeye, na mjomba wao. Wanakuja kwa Baba moja kwa moja, si kwa Suleiman. Mzee yupo, ana akili timamu, mahakama imesema. Aliniuliza kama Baba atapenda asali ya mlimani. Nimemwambia alete halua.

Nina furaha. Naiandika kwa sababu haijatokea siku nyingi.

Alhamisi, 30 Oktoba. Ibra.

Nimefika saa kumi na moja jioni. Mwanaidi kanipokea mlangoni, uso unang'aa. "Dada, Bwana mkubwa juzi kasema vizuri, ungemsikia."

Kasema na nani?

Na Bwana Suleiman. Kaja Jumanne na mtu wa hati, na mkalimani yule yule mzee. Wakakaa sabla. Wakamsomea Baba karatasi kwa Kiswahili, taratibu, aya moja moja. Mwanzoni alinyamaza, Suleiman akachoka. Mwanaidi akamwonea huruma. Akamwonyesha kaka yangu: mshike hapa, Bwana, atajibu.

Alimshika. Baba alijibu kila aya. Mtu wa hati alisema hajaona mzee wa umri ule mwenye sauti ya hakika namna ile. Wakambonyeza dole gumba kwenye wino. Mwanaidi akampa halua yake.

Nakala iko juu ya kabati. Nimeisoma nimesimama. Baba, akiwa na akili timamu kama ilivyothibitika mahakamani, amemfanya mwanawe Suleiman wakili wake katika kila jambo, la mali na la watu wake, na katika kuozesha. Hukumu ya tarehe saba imetajwa. Maelezo yangu yametajwa. Jina langu, jina la Baba, jina la babu.

Sikumgombeza Mwanaidi. Kosa lake ni kunitii.

Ijumaa, 31 Oktoba.

Nataka kuliandika lote, nisije baadaye nikalipunguza.

Wamekuja baada ya sala. Watu wanne wa Sur, vilemba safi, halua mkononi. Majirani wote wa Ijumaa wamo. Baba mahala pake, mbele. Suleiman mkono wake wa kulia. Mimi chumba cha pili, mlango umeachwa wazi upana wa mkono, sinia la vikombe magotini.

Kahawa ikatembea. Kaka mkubwa wa Nasser akapokea kikombe chake na kukiweka chini, hakukinywa. Hiyo ndiyo desturi, mwenye haja hanywi mpaka ajibiwe haja yake. Sabla ikatulia. Akasema walichokuja nacho, maneno mazuri, marefu, kwa Kiarabu. Suleiman akamjibu kwa heshima kubwa. Kwamba ni wageni watukufu. Kwamba Mzee amemwachia yeye mambo haya, kwa hati. Kwamba wampe muda. Kila mtu mle ndani anajua muda ni nini.

Basi yule kaka mkubwa akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alimpita Suleiman, akapiga magoti mbele ya Baba, akasema kwa Kiswahili kibovu, cha bahari, "Mzee wetu, sisi tunataka neno yako wewe."

Akamshika mkono. Alikuwa anamsalimu tu.

"Nimeridhia," Baba akasema.

Wote walisikia. Mkalimani, ambaye alikuwa amekaa karibu, akawaambia wengine kwa Kiarabu: mzee kasema anaridhia. Mtu mmoja akasema alhamdulillahi. Kaka mkubwa wa Nasser aligeuka kukifuata kikombe chake. Mimi nilikuwa nimesimama, sinia mikononi.

Suleiman akasema, kwa upole, "Baba husema hivyo kwa kila kitu." Akainama. Akamshika kifundo cha mkono pale pale ninapomshika mimi. Akauliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya kutosha, "Baba, tuwafukuze hawa wageni?"

"Nimeridhia."

"Baba, tukuvue kofia, tukukalishe nje na mbuzi?"

"Nimeridhia." Na akafungua kiganja, kungojea halua.

Hakuna aliyecheka. Hilo lilikuwa baya zaidi. Mkalimani alikuwa na machozi. Yule bwana wa falaji akatazama mkeka. Wakaanza kuinuka mmoja mmoja, wanatafuta viatu, hawakuagana na Baba. Miaka yote ile wakiondoka humbusu mkono, na leo walipita mbele yake kama wanaipita nguzo. Watu wa Sur waliondoka wa mwisho. Kikombe cha kaka yake Nasser kilibaki kimejaa.

Suleiman akatoa leso, akamfuta Baba mdomo. Akamwekea kofia sawa. Alisema bila kunitazama, maana alijua niko mlangoni: "Wewe ndiye uliyemfundisha. Mimi nimewaonyesha tu."

Ni kweli.

Jumapili, 2 Novemba. Nizwa.

Sikufundisha. Nimesema naumwa, nikabaki chumba cha walimu.

Nasser amenifuata humo. Hajakasirika, ingekuwa afadhali. Alisema yeye yupo, ila kaka zake hawatarudi kwenye sabla ile, na hawezi kuwalaumu. Akasema kuna mahakama. Mwanamke anayezuiliwa na walii wake anaweza kwenda kwa kadhi.

Nimeuliza. Nimempigia simu mtu anayejua kuliko mimi. Mlango upo. Lakini walii ni Baba bado. Suleiman ni mkono wake tu. Nikishitaki, wa kushitakiwa ni Baba, jina lake litaitwa, ataketishwa tena pale. Na nikisema hati ile haifai kwa sababu hana akili, kadhi yule yule atafungua faili na kunisomea maelezo yangu. Ataniuliza nilisema uongo lini, siku ile au leo?

Nimemweleza Nasser. Alisikiliza mpaka mwisho kama mtu wa hesabu. Chai ikapoa. Akasema, "Basi tusubiri." Hakusema tusubiri nini. Hakuna haja. Tunamsubiri Baba afe, ndipo hati ya uwakala ife naye, na hapo walii atakuwa Suleiman, nami nitaweza kumshitaki yeye.

Jumanne, 4 Novemba.

Darasani. Walikuwa na maswali ya mtihani. Msichana wa mbele kauliza tofauti ya yale maneno mawili, uwezo na uzito, kwa kifupi. Nimempa ya kitabuni.

Sikumwambia kwamba la pili halinyang'anywi kwa hati. Suleiman alikwishapata hati Jumanne iliyopita, na bado watu walikuja Ijumaa. Uzito wa Baba uliondoka mbele ya watu, kwa maswali mawili, na aliyeutoboa wa kwanza ni mimi, kwa halua, mkekani.

Ijumaa, 14 Novemba. Ibra.

Nimemnyoa. Kanzu, kofia, bakora. Mwanaidi amechemsha kahawa kwa mazoea, mdila mzima.

Sala imekwisha. Nimesikia viatu vinapita njiani, sauti, mtu mmoja akikohoa. Hakuna aliyeingia. Ijumaa ya pili hii. Suleiman naye hakuja, ametuma ujumbe ana kazi.

Baba alikaa mahala pake hadi alasiri, akitazama mlango, amejiweka sawa. Nikaingia sabla. Sijawahi kukaa mle Ijumaa. Nilikaa mahala pa wageni, nikammiminia, nikajimiminia. Hali ya hewa imebadilika, si joto tena. Nzi wachache.

Kikombe chake nilikijaza nusu kama apendavyo. Changu nilikiweka chini. Nikasema, "Baba, niwie radhi."

Mikono niliiweka mapajani. Sikumgusa. Nilikaa hivyo muda mrefu, kahawa ikapoa, na yeye alinitazama usoni, na kwa kitambo kidogo niliona kama ananijua.

Kisha akanyanyua mkono wake wa kulia, akajishika mwenyewe kifundo cha kushoto.

"Nimeridhia," akasema. Akafungua kiganja.

Nikaenda jikoni nikamkatia.